Muziki wa Meli na Mikeka ya Msiba

Mara ya tatu wanawake wa mtaa walipokuja kumlilia baba yangu, baba alikuwa uani anakunywa chai na muhogo wa kuchemsha. Mimi nilikuwa chumbani namfunga mtoto nepi. Nikasikia kilio kimeanzia barabarani, kile cha kuvuta, kikaingia mlangoni, na kabla sijabana pini ya pili sebule imeshajaa. Wawili walikuwa wamekamata kochi wanalitoa nje.

"Wekeni hilo kochi chini!"

Nani anisikie. Bibi mtunza mikeka, yule mama mtu mzima anayehifadhi mikeka ya kikundi cha wanawake wa mtaa wetu hapa Chuno, na ndiyo maana hufika wa kwanza kwenye kila msiba, alinikumbatia mimi na mtoto na pini yake.

"Jikaze, binti yangu."

"Bibi, baba yuko uani."

"Tutamwona, tutamwona. Wameshamwelekeza kibla?"

"Anakunywa chai!"

Juu ya kabati spika mbili ndogo zilikuwa zinaendelea kulia, fidla nyingi kwa pamoja, polepole, kama watu wanaosindikiza jeneza. Kutoka uani ikaja sauti ya baba, ambaye macho yake yalikuwa yamezimika kabisa mwaka uliotangulia kwa presha ya macho.

"Mama, kuna msiba? Nani amefariki?"

Wanawake wote wakamgeukia bibi. Bibi mtunza mikeka alikuwa mtu mkweli. Akajibu, "Wewe, mzee."

"Aa," baba akasema. "Basi ngoja nimalizie muhogo."

Kuna waliocheka. Mimi sikucheka. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliwapikia chai waliokuja, tukaongea. Lakini ile mara ya tatu mwanangu alikuwa ameshtuka analia hadi anakosa pumzi, kochi liko juani, na mwenyekiti wa mtaa ndiyo anaingia na wanaume wamebeba mabenchi. Nikampachika mtoto kiunoni, nikashika mkeka wa kwanza, nikautupa barabarani. Nikautupa wa pili. Wa tatu ulimpata mwenyekiti kifuani.

"Mama yangu alipokufa nilikuwa darasa la tano," niliwaambia, na sikuwa nasema, nilikuwa nabweka. "Nilimlilia mara moja, ikatosha. Huyu ameshaliliwa mara tatu mwezi huu, na yuko hai! Mnataka nini? Mnataka azoee?"

Mwenyekiti alikuwa ameaibika, kwa hiyo akakasirika. Alisema yeye ameshamtuma mtu kwa muadhini atangaze. Alisema mtaa mzima umeacha kazi. Halafu akasema maneno ambayo ndiyo yalinifanya nishike kalamu:

"Binti, ofisi haipokei kelele. Kama una lalamiko, lete kwa maandishi. Na mpaka hapo huo muziki usisikike nje ya nyumba hii. Au futa hizo za kulia, ubakize nyingine, yaishe."

Baba alikuwa amefika mlangoni anapapasa fremu. Alikuwa karani maisha yake yote, na karani akiambiwa jambo na ofisi hutii. "Sawa, mwenyekiti," alisema. "Zima, mama."

Mimi ndiye mama. Aliniita hivyo tangu nikiwa mdogo, kwa sababu nina jina la mama yake. Nikazima.

Sasa nieleze muziki wenyewe, maana asiyeujua ataona mtaa wangu una wazimu, na hauna.

Baba alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Msimu wa korosho alisimama chini ya winchi na ubao wake, anachora mistari mitano mitano kwa kila kamba ya magunia inayopanda melini. Katika miaka ya tisini, nikiwa shule ya msingi, alirudi nyumbani na kaseti ya kwanza. Alipewa na mpishi wa meli moja, mtu mnene ambaye baba alimpelekea pweza mkavu na madafu. Baba akaisikiliza kwenye redio yetu, upande wa kwanza na wa pili, akiwa amesimama. Hakuketi. Baada ya hapo kila meli iliyotia nanga aliiulizia muziki. Mabaharia wengine walimpa za disko, akazigawa. Alitaka zile ndefu zisizo na maneno. Baadaye zikaja sidii. Nilipofika kidato cha nne kabati la vyombo la marehemu mama lilikuwa halina vyombo tena.

Hakujua majina ya waliotunga. Kasha limeandikwa Kijerumani, lingine Kirusi, yeye ana Kiswahili, Kimakua na Kiingereza cha magunia. Akazipa majina yake, kwa kalamu ya wino mweusi: Mpishi Mnene. Simenti. Mvua ya Korosho, aliyopewa siku mvua ilipokuta magunia yako wazi gatini. Nahodha Mgonjwa. Kigugumizi, kwa sababu inaanza inasita, inaanza tena. Kwa jumla aliuita muziki wa meli. Neno klasiki nililisikia ukubwani, kwa fundi mmoja wa kompyuta kule mtaa wa Chikongola.

Majirani hawakuwahi kulalamika. Redio yetu ya kaseti ilikuwa na sauti ndogo, na baba alikuwa na kanuni: wimbo wa meli una sehemu tatu au nne, unaanza ya kwanza, unamaliza ya mwisho, husimami katikati isipokuwa kwa adhana. Kwa hiyo mtu akipita akasikia kipande cha huzuni, akirudi kutoka dukani anakuta vinanda vinarukaruka. Hakuna msiba unaokwenda hivyo.

Na hapa nina deni la shukrani ambalo silipi hata nikiishi mara mbili. Nilipomaliza kidato cha nne, kabla matokeo hayajatoka, nilikuwa tayari nina mimba. Baba wa mtoto alikuwa ameshapanda basi. Shangazi yangu, dada yake baba, akaja kutoka Msimbati na gari la samaki kunichukua, nikajifiche kule kijijini karibu na mdomo wa Ruvuma mpaka nijifungue. Alikuwa ameshafunga nguo zangu kwenye kanga. Baba wakati huo bado anaona kidogo. Hakunigombeza. Alitoa Mpishi Mnene, akaweka, akasema, "Kaeni wote wawili."

Sehemu ya kwanza ikapita na makelele yake. Ya pili ikaingia, taratibu, na mimi nikaanza kulia. Shangazi akaniona nalia naye akaanza, ingawa alikuwa amekuja na hasira. Baba akainua kidole. "Hiyo ni ya pili," alisema. "Zimebaki mbili." Tukakaa mpaka ya nne ikaisha. Kisha akafungua ile kanga, akarudisha nguo zangu sandukuni, moja moja, akizikunja vibaya.

Shangazi aliondoka kesho yake na gari lile lile. Mwanangu alizaliwa Chuno, kwenye nyumba ya babu yake, mbele za watu.

Macho yalipozimika, kabati likawa adui. Baba hakuweza kusoma wino wake mwenyewe. Na hewa yetu ya bahari ilishaanza kula kaseti, ukifungua kasha unakuta unga mweupe wa ukungu. Kila alipotaka Simenti ilibidi aniite, na mimi nina mtoto titini, nina sufuria jikoni. Akaanza kutoniita. Nilikuja kugundua kwamba hukaa nusu siku mbele ya redio iliyozimwa, mikono magotini, kwa sababu hataki kunisumbua. Mtu aliyenikunjia nguo.

Kwa hiyo kaka yangu wa Dar es Salaam alipotuma MP3, kimashine cha ukubwa wa kiberiti chenye vitufe vinne, pamoja na spika, niliona ukombozi. Nikabeba kabati zima kwa mkokoteni hadi Chikongola kwa yule fundi wa kompyuta. Alifanya kazi wiki tatu. Nikamrudishia baba dunia yake yote ndani ya kiberiti. Akabonyeza.

Ikalia. Akasubiri sehemu inayofuata. Ikalia nyingine. Na nyingine. Siku nzima kilio juu ya kilio, kwa spika mpya zenye nguvu, madirisha wazi. Na mtaa mzima unajua mzee alikuwa amelazwa na presha wiki mbili kabla. Na kila mtu wa umri wetu anakumbuka kwamba redio ya taifa ikiacha vipindi na kupiga muziki wa namna ile, kuna mkubwa amefariki. Bibi mtunza mikeka alinieleza baadaye, bila haya: "Tunajua Muislamu hapigiwi muziki msibani. Lakini baba yako mtu wa bandari, tukasema labda kausia."

Hivyo ndivyo walivyokuja mara ya kwanza. Na ya pili, wakisema safari hii ni kweli. Na ile ya mikeka kuruka.

Baada ya amri ya mwenyekiti nyumba ilinyamaza. Nilimwambia baba atumie vile visikizio vya masikioni. Akajaribu, akavitoa. "Macho yamefungwa, na masikio niyafunge? Nitajuaje mtoto akianguka? Nitajuaje mtu kanipa salamu?" Siku ya nne hakumaliza ugali wake. Alishika kile kimashine mkononi, kimezimwa, anakipapasa vitufe kama tasbihi. Nikaona nisipofanya kitu, safari nyingine bibi atakuja na mikeka kwa haki.

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda Chikongola na hasira zangu zote.

"Kaka," nilimwambia fundi, "hivi ukipewa familia nne uzipange, utaweka baba wote chumba kimoja na watoto wote kingine?"

"Shikamoo haipo siku hizi?" alisema. Tulikuwa rika moja, alikuwa ananitania. Halafu akafungua kompyuta akanionyesha. Alikuwa amenakili kila kipande peke yake, akakipa jina kwa kuandika neno la kwanza la mstari ulio kwenye kasha. Vyote akavimwaga kwenye fungu moja. Mashine ikavipanga kwa herufi. Na juu kabisa, kabla ya vyote: Adagio. Adagio 2. Adagio 3. Mpaka Adagio 41.

"Adagio maana yake nini?" niliuliza.

"Mimi najua, dada? Muziki wenyewe hauna maneno."

Tukabonyeza tano sita. Hatukuhitaji kamusi. Kila kilichoanza na Adagio kilikuwa cha kulia. Fundi alikuwa amechukua ya pili ya kila wimbo wa baba, akazipanga foleni mbele ya mlango wetu.

"Ni rahisi," alisema. "Nazichagua zote arobaini na moja, nafuta. Sekunde moja."

Mwenyekiti naye alisema vivyo hivyo. Nilirudi nyumbani nikamuuliza baba, maana muziki ni wake.

"Ukitoa ya pili," alisema, "ya tatu inafurahia nini?"

Basi tukapanga upya. Kila asubuhi baada ya kumnyonyesha mtoto tulikaa uani, mimi na baba, sikio moja yeye na sikio moja mimi, waya mfupi, vichwa vimegusana. Nilikuwa na daftari la kaunta nililolichora mistari. Nabonyeza kipande, baba anasikiliza sekunde mbili, tatu.

"Nahodha Mgonjwa, ya tatu."

Naandika.

"Simenti, ya kwanza. Hapo kaseti iligeuzwa, utasikia inakatika, nusu yake iko mbele."

Naandika.

"Hiyo siijui. Endelea. Ngoja. Rudisha! Kigugumizi, ya nne. Fundi wako kaianzisha imeshaacha kigugumizi."

Alikuwa anahesabu tena. Niliuona ule mkono wake wa kulia pajani, kidole kinachora mistari mitano mitano. Miaka mingi nilidhani baba anapenda huo muziki kwa sababu ni wa mbali. Pale, kichwa changu kimegusana na chake, nikaelewa kwamba aliupenda kwa sababu hauruhusu gunia lipotee. Akikosekana wa tatu, anajua. Tulikaa siku mbili tukimtafuta Mvua ya Korosho wa mwisho, tukamkuta amejificha chini kabisa ya orodha, kwenye vipande ambavyo fundi alivipa jina la Sijui.

Saa nne hivi nikiwa nimejaza kurasa, nakwenda Chikongola. Fundi alinipa kiti, akanifundisha kubadili majina ya mafaili, na mwanangu akalala kwenye kanga chini ya meza, kati ya nyaya. Umeme ukikatika nilisubiri, ukirudi naanza upya nilichokipoteza. Nilikosea sana. Niliandika kila kipande na namba mbele, moja hadi mia na kitu, nikajiona msomi. Kufika nyumbani mashine imeweka kumi baada ya moja, na mia kabla ya mbili. Baba akacheka, mara ya kwanza tangu azimiwe muziki. "Mama, na mimi siku ya kwanza kazini nilihesabu meli nzima nyuma mbele." Nikarudi nikaweka sufuri mbele ya kila namba. Fundi akanisaidia kwa mikono yake miwili bila kuambiwa. Mwisho akaniuliza kwa aibu kama anaweza kubaki na nakala ya Mpishi Mnene, sehemu zote nne.

"Kwa mpangilio," nilimwambia.

"Kwa mpangilio, dada."

Nilizipanga pia kwa mahali zinapoanzia, ili kidole cha mtu asiyeona kiweze kuhesabu. Ukiwasha, bonyezo moja la kitufe cha juu ni Simenti. Mawili, Mpishi Mnene. Matatu, Kigugumizi. Baba alijifunza zote kwa siku moja. Alizijaribu kwa kisikizio, sauti chini, akaitikia kwa kichwa kila inapotokea ile aliyoitaka. Hakuniita hata mara moja. Nilikuwa jikoni nakaanga dagaa, nikawa namwangalia kwa mlango, nikawa natamani aniite kidogo tu.

Lakini amri ilikuwa bado ipo. Mwenyekiti alisema kwa maandishi. Nikachana karatasi mbili katikati ya daftari, nikaandika kama tulivyofundishwa barua rasmi shuleni, na Jumatatu asubuhi nikaipeleka ofisini mwenyewe, mtoto mgongoni. Nilimtaka aigonge muhuri wa kupokelewa mbele yangu. Akaigonga. Nakala yangu ninayo hadi leo:

Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

YAH: LALAMIKO LA BABA YANGU KULILIWA AKIWA HAI

Ndugu Mwenyekiti, uliniambia nilete kwa maandishi, nimeleta.

Nalalamika kwamba watu wa mtaa huu wamefanya msiba nyumbani kwetu mara tatu bila marehemu. Nalalamika kwamba kochi letu lilitolewa nje mara zote tatu na mguu mmoja umelegea. Nalalamika zaidi kwamba ofisi yako ilimzimia muziki mzee asiyeona, badala ya kuwaambia watu wapige hodi na kutoa salamu kwanza. Maiti haiitikii salamu. Huo ni uchunguzi mfupi na hauna gharama.

Ulishauri zifutwe zile za kulia. Nimeshauriana na mwenyewe na jibu ni hapana. Kila moja ina wenzake wanaoifuata, na kosa la kuwatenganisha lilikuwa la fundi na langu mimi niliyempelekea bila maelezo. Kosa hilo limerekebishwa. Nimeambatanisha orodha, kurasa nne, imepangwa na baba mwenyewe kwa sikio. Naomba ibandikwe ubaoni pale ofisini. Atakayesikia ya huzuni asiepue sufuria jikoni wala kufunga kanga ya msiba. Asubiri robo saa, atasikia inayofuata.

Naomba amri iondolewe, na baba apige muziki wake kwa spika, madirisha wazi, kila siku baada ya swala ya alasiri hadi karibu na magharibi. Adhana ikianza atazima, kama alivyofanya siku zote.

Naomba radhi kwa mkeka uliokupata kifuani. Mingine miwili siiombei radhi.

Pamoja na malalamiko hayo, nawashukuru. Mara zote tatu mlifika kabla chai ya mzee haijapoa, na wengine wenu mlikimbia. Nilipomzaa mwanangu ni ninyi mlioleta maji ya moto, hilo sikulisahau hata nilipokuwa natupa mikeka. Bibi mtunza mikeka mwambieni mlango wetu uko wazi, aje asikilize Mpishi Mnene hadi mwisho, kiti chake ni lile kochi.

Na siku itakapofika, mtaijua bila kutangaziwa. Mkipita alasiri, umeme upo, na hamsikii kitu nyumbani kwetu, msisubiri kuitwa. Njooni na mikeka yote. Kochi mtakuta nimeshalitoa mwenyewe.